Kumbukumbu ya giaboksi: kilomita 6,180 hadi 11,940

Gari hili lilikuwa na umri wa miezi 7 nilipoandika mstari wa kwanza katika daftari hili. Nililinunua likiwa jipya, kwa mkopo nitakaoulipa kwa miaka 4, na waranti yake ni ya miaka 3 au kilomita 100,000, lolote litakalotangulia. Mstari wenyewe ni mfupi: kilomita 6,180, Likoni, saa 12:40 jioni, wakati wa kupanda kutoka kwenye feri gari limetetema mara tatu kama mtu mwenye homa, kisha likatulia. Naishi Likoni na kazi yangu iko kisiwani Mombasa, kwa hiyo navuka kila siku asubuhi na jioni, na karibu kila mvuko una foleni ya kusogea hatua kwa hatua, kusimama na kusogea tena. Ndiyo sababu tatizo hili lilinijia mapema, ilhali mtu anayeendesha gari kama hili kwenye barabara ya Malindi huenda asiligundue kwa mwaka mzima.

Kilomita 6,180 hadi 7,100

Kwanza nilitaka kuelewa ni nini hasa kilicho chini ya gari langu, kwa sababu muuzaji aliniambia tu kwamba ni «otomatiki», na neno hilo hukusanya mitambo isiyofanana hata kidogo. Giaboksi yangu ni ya klachi mbili, klachi ikiwa ni kile kiungo kinachounganisha injini na gia na kuzitenganisha. Ndani yake mna mihimili miwili, mmoja ukipita katikati ya mwingine ulio kama bomba, na kila mmoja una klachi yake. Klachi ya kwanza hubeba gia za witiri, yaani 1, 3, 5 na 7. Ya pili hubeba gia za shufwa, yaani 2, 4 na 6, pamoja na gia ya kurudi nyuma. Gari linapokwenda kwa gia ya 1, gia ya 2 huwa imekwisha kupangwa inasubiri, na kompyuta huachia klachi moja huku ikishika nyingine, hivyo nguvu ya injini haikatiki. Barabara ikiwa wazi, kazi hiyo hufanyika kwa ulaini wa kupendeza, na sitaificha furaha niliyoipata nayo katika miezi ya mwanzo.

Shida ni kwamba klachi zangu ni kavu. Ziko aina ambazo sahani zake, yaani sehemu zinazobanana ili klachi ishike, huoga ndani ya mafuta, na mafuta hayo hubeba joto na kuliondoa. Zangu hupozwa na hewa peke yake. Gari linapojikongoja kwenye foleni, kompyuta haiishiki klachi kikamilifu bali huiacha iteleze kidogo, sawa na dereva wa gia za mkono anayeegemeza mguu kwenye pedali muda wote. Kuteleza huzaa joto, na joto likizidi uso wa sahani hung'aa kama kioo na kupoteza msuguano sawia, ndipo hushika na kuachia kwa pigo pigo. Mapigo hayo ndiyo mtetemo ninaousikia kitini.

Nilianza kuandika kwa utaratibu: kilomita, saa, joto la nje, dakika za foleni, gia iliyokuwa ikitumika, na kama njia ilikuwa tambarare au ya kupanda. Katika siku 22 za kazi nilivuka mara 44. Mtetemo ulitokea mara 17, na kati ya hizo mara 15 zilikuwa jioni. Haukutokea hata mara moja kabla ya dakika 15 za kujikongoja. Sikubadilisha namna yangu ya kuendesha ili kuuepuka, wala sikuuchochea. Nilitaka daftari lionyeshe gari lilivyo katika matumizi yake ya kawaida.

Kilomita 7,110

Ziara ya kwanza kwenye karakana ya wakala. Niliacha gari saa 2 asubuhi na nikaitwa kulichukua saa 5. Karatasi ya kazi iliandikwa kwamba gari limejaribiwa barabarani, hakuna hitilafu iliyopatikana, na kwamba mtetemo mdogo ni tabia ya gia za aina hii. Niliuliza walilijaribu kwa umbali gani, nikaambiwa kilomita 4, kwenye barabara isiyo na foleni, giaboksi ikiwa bado baridi. Nilihuzunika, lakini naona sasa kwamba walitafuta pale ambapo tatizo halipo. Niliomba karatasi ile isahihishwe ili malalamiko yangu yaandikwe kwa maneno yangu mwenyewe: gari hutetema baada ya dakika 15 za foleni, likiwa limepata moto. Karani aliona ni usumbufu. Hata hivyo aliandika, na karatasi hiyo yenye tarehe na kilomita ndiyo iliyonisaidia baadaye kuliko kitu kingine chochote.

Kilomita 7,400

Jirani yangu ni mzee aliyetengeneza malori kwa miaka mingi. Nilimwamkia, nikamweleza, naye akasikiliza hadi mwisho bila kunikatiza. Kisha akauliza, «Na ukirudi nyuma, mwanangu, linatetema?» Sikuwa nimejiuliza. Akaniambia nisimwambie fundi kwamba giaboksi ni mbovu, kwa kuwa giaboksi ni nyumba yenye vyumba vingi, nimtafutie chumba.

Jioni ile nilivuka, nikafika nyumbani gari likiwa na moto, nikarudi nyuma kuupanda mwinuko wa lango letu. Gari lilitetema mpaka kioo cha ndani kikacheza. Nikashuka tena barabarani, nikaweka gia kwa mkono kwenye 1 na kuiacha hapo hapo, nikaupanda mwinuko ule ule kwa mbele. Hakuna kitu, ulaini mtupu. Nilirudia jioni tano, na majibu hayakubadilika: gia ya 2 na ya kurudi nyuma zinatetema, gia ya 1 haitetemi. Gia ya 2 na ya kurudi nyuma zinaendeshwa na klachi moja, ile ya shufwa. Mzee alipopewa habari hizo alitabasamu tu na kusema, «Basi chumba umekipata.»

Kilomita 7,890 hadi 8,540

Ziara ya pili. Safari hii walisasisha programu ya giaboksi na kuifundisha upya kompyuta mahali ambapo kila klachi huanza kushika. Gari lilitengenea. Kwa takriban kilomita 600 niliandika «shwari» siku baada ya siku, nikaanza kudhani daftari limefika mwisho. Kisha mtetemo ukarudi, kwanza kidogo, halafu kama zamani.

Kilomita 8,540, siku ya joto la nyuzi 33 na foleni ya dakika 48, taa ya onyo la giaboksi iliwaka nikiwa nusu ya kupanda kutoka kwenye feri, watu wanaotembea kwa miguu wakiwa mbele na pembeni yangu. Gari likakataa gia ya 2. Liliendelea na 1, kisha likarukia 3 kwa kishindo. Nilipofika nyumbani halikurudi nyuma kabisa, na nililiacha nje ya lango. Nakiri niliogopa, kwa sababu gari linalopoteza nguvu mahali penye msongamano wa watu linaweza kudhuru mtu. Lakini hata katika hofu ile niliona kwamba gia zote zilizopotea ni za upande mmoja: kompyuta ilikuwa imeifunga klachi ya shufwa na kuniachia ya witiri nifike nyumbani.

Nilikuwa nimenunua kifaa kidogo cha kusomea misimbo ya hitilafu ambayo kompyuta ya gari huihifadhi, kinachochomekwa kwenye soketi iliyo chini ya dashibodi. Kilionyesha msimbo unaoanza na P07, kundi ambalo limetengwa kwa ajili ya giaboksi. Niliupiga picha pamoja na odomita. Sikuufuta, ingawa kifaa kina kitufe cha kufuta na taa ile iliniudhi usiku kucha, kwa maana msimbo ukifutwa huondoka na kumbukumbu ya hali ambamo hitilafu ilitokea, na fundi hubaki na neno langu tupu.

Kilomita 8,552

Gari lilipelekwa likiwa limebebwa. Msimbo ulisomwa, klachi ya pili ikakubaliwa kuwa na kasoro, nami nikadhani shauri limekwisha. Siku ya tatu nikapigiwa simu: sahani za klachi ni miongoni mwa vitu vinavyochakaa kwa matumizi, waranti haivihusu, na makadirio ni shilingi 212,000. Afisa aliongeza kwa upole kwamba huenda namna yangu ya kuendesha ndiyo iliyoziunguza.

Nilikisoma kitabu cha waranti mstari kwa mstari. Ni kweli kinataja sahani za klachi pamoja na pedi za breki na mipira ya waipa. Kifungu hicho kina maana katika gari la gia za mkono, ambalo dereva ndiye anayeamua klachi iteleze kiasi gani. Gari langu halina pedali ya klachi. Kompyuta iliyoundwa na mtengenezaji ndiyo inayoamua kila mara klachi ishike au iteleze, na mimi nina pedali mbili tu, ya mafuta na ya breki. Sikuona haki kwa mtu kutozwa uchakavu wa kitu ambacho hakupewa njia ya kukigusa, tena kikiwa kimetembea kilomita 8,540, na tena kwa upande mmoja, wakati klachi ya witiri, iliyoendeshwa na dereva yule yule katika foleni ile ile, ni nzima. Hoja hii ya mwisho ndiyo niliyoiamini zaidi, na imetoka katika swali la mzee.

Niliandika barua ya kurasa mbili. Niliambatanisha karatasi za ziara zote, jedwali la mivuko 44, matokeo ya majaribio ya lango na picha ya msimbo. Nilitaja Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya ya 2010, kinachompa mtumiaji haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa. Nilitaja pia jambo lililotokea Australia, ambako mwezi Aprili 2018 Mahakama ya Shirikisho iliitoza kampuni ya Ford ya nchi hiyo dola milioni 10 za Australia kwa jinsi ilivyoshughulikia malalamiko kuhusu giaboksi ya klachi mbili. Wateja wengi walikuwa wameambiwa kwamba mtetemo ulitokana na uendeshaji wao. Gari langu si la kampuni hiyo, na jambo hilo sikulitaja kwa vitisho. Nilitaka msomaji wa barua ajue kwamba jibu nililopewa limewahi kutolewa kwingine na halikukubaliwa.

Mwishoni niliomba jambo moja: kabla ya uamuzi, msimamizi wa karakana apande nami kwenye foleni ya feri saa 11 jioni.

Kilomita 8,590

Alikuja. Walikuwa wameirekebisha kompyuta kwa muda ili gari litembee. Tulikaa foleni dakika 37, tukizungumza machache, na tulipopanda upande wa Likoni gari lilitetema kama kawaida yake. Msimamizi aliweka kiganja kwenye dashibodi, akanyamaza. Langoni nilimwachia usukani ili arudi nyuma mwenyewe, kisha apande kwa gia ya 1. Akafanya mara mbili. «Mwalimu,» akasema, «hili nitaliandika mimi.» Alitimiza ahadi. Ripoti yake iliambatana na barua yangu hadi kwa mtengenezaji, na siku 9 baadaye klachi zote mbili ziliidhinishwa kubadilishwa chini ya waranti, bila mimi kulipa sehemu wala kazi.

Vipuri vilichukua siku 26 kufika. Niliomba na nikapewa maandishi kwamba muda ambao gari lilikaa karakana utaongezwa kwenye waranti ya giaboksi. Walipolifungua niliruhusiwa kuziona sahani kuukuu: za klachi ya witiri zilikuwa na rangi ya kijivu iliyokolea sawasawa, na za shufwa zilikuwa na mabaka ya buluu yaliyopangana duara upande mmoja, alama ya chuma kilichopata moto mahali fulani na kuachwa baridi kwingine. Nilizipiga picha zote.

Kilomita 8,590 hadi 11,940

Tangu nilipolirudishiwa gari nimevuka mara 96. Nimebadilisha jambo moja tu, ambalo msimamizi alinishauri na naliona la busara: foleni ikisimama, naacha nafasi ya gari moja na nusu mbele yangu ifunguke, ndipo niondoke mara moja na klachi ishike yote, badala ya kutambaa futi kwa futi. Wengine huingiza magari yao katika nafasi hiyo, nawaachia.

Mstari wa leo: kilomita 11,940, Likoni, saa 12:15 jioni, nyuzi 32, foleni dakika 41. Kupanda kutoka kwenye feri, gia ya 2, shwari. Lango, kurudi nyuma, shwari.