Muhuri ulikuwa mkobani tangu mwanzo

Leo baada ya Isha, mtaa mzima wa Kibokoni ukelele mmoja: kumbe shangazi wa kwenye tamthilia ya runinga ndiye aliyeghushi wosia!

Wallahi mwandishi ametenda haki. Muhuri tulionyeshwa mkobani mwa shangazi mapema, sekunde chache tu, kisha tukaghafilishwa na ugomvi wa mahari. Leo kamera imesogea hadi kwenye ukucha wa kidole gumba: wino wa zambarau.

Njama ikifichuka bila dalili yoyote ya awali, mtazamaji huona amedhulumiwa.

Kazi nyingine ni kulinda siri studio. Katika tamthilia ya Kimarekani Dallas, mhusika J.R. alipigwa risasi Machi 1980, jibu la nani alimpiga likaja Novemba; walirekodi waigizaji kadhaa wakimfyatulia, siri isivuje.

Haya, nyinyi mlikuwa mkimshuku nani?