Upepo ulikuwa juu, si chini

Pikipiki yangu ni ya 1984. Nikikamata breki ya mbele, mkono wa breki ulizama hadi kubana vidole vilivyobaki kwenye usukani. Nilitoa upepo ulioingia kwenye oili ya breki, chini kwenye kalipa (kifaa kinachobana diski ya gurudumu), mara tatu, nikajaza oili mpya ya breki, aina ya DOT 4. Bado ulibonyea kama sifongo.

Kumbe upepo ulinasa juu kabisa, kwenye boliti yenye tundu inayounga hozi na masta silinda (pampu ya breki iliyo kwenye usukani). Nikabana mkono wa breki, nikailegeza boliti kidogo, nikaikaza kabla ya kuachia mkono. Viputo vidogo vyeupe vikatokea kwenye tambara nililoweka hapo. (Weka tambara kweli, oili hiyo hula rangi.) Usiku niliufunga mkono wa breki kwa mpira, ukiwa umebanwa.

Asubuhi ukagota katikati, mgumu, unaoaminika. Nilifurahi mno! Zimebaki hozi kuukuu, zinavimba nikibana sana. Hizo nazitoa zote.