Siku moja maishani mwangu: kupiga skatini na konisi jangwani

Saa 11 alfajiri

Mimi ni fundi wa skatini, zile mbao zinazofunika mguu wa ukuta, na konisi za darini. Naamka kabla ya jua, na msinipe sifa za uchapakazi. Jangwani asubuhi ndiyo siku yenyewe. Ikigonga saa 7 mchana, chuma kilichoachwa nje hakishikiki na gundi inaanza kukauka kabla hujaweka ubao juu yake. Kwa hiyo tunapakia gari gizani, mimi na kijana wangu: kompresa, bunduki ya misumari, msumeno wa pembe, turubai, tupa tatu, na kile kimsumeno cha upinde chenye meno madogo ambacho sikiazimishi.

Futi naiweka ndani ya mkoba, chini ya kiti. Kijana alikuwa ananicheka kwa hilo, mpaka siku moja alipima ukuta kwa futi iliyokuwa imelala juani kwenye boneti, akaenda ndani kwenye kiyoyozi akanywa maji, akarudi kukata. Ubao ukatoka mfupi. Chuma kikipata nyuzi 30 zaidi hurefuka karibu milimita 1.4 katika mita 4. Milimita moja na nusu kwa mwashi ni mchezo. Kwangu ni mwanya ambao mwenye nyumba ataukodolea macho kila akikaa kwenye kochi.

Saa 12 na nusu asubuhi

Tumefika. Kabla ya kushusha vyombo naenda sebuleni kuziamkia mbao. Zimelala hapo siku ya tisa, zimepangwa juu ya vipande vyembamba ili hewa ipite juu na chini, madirisha yamefungwa na kiyoyozi kinafanya kazi kama kitakavyofanya watu wakihamia.

Mama mwenye nyumba ananikuta nimepiga magoti na kipima unyevu mkononi.

"Fundi, hizi mbao si zilikuja wiki iliyopita? Mbona mpaka leo ziko sakafuni?"

"Zinakunywa hewa ya nyumba yako, mama. Au niseme nyumba ndiyo inazinywa."

Hakucheka. Nikampa kipima akachoma mwenyewe. Siku zilipoteremka kwenye lori zilikuwa zinasoma asilimia 12, na mbao za dukani mara nyingi huja hivyo, kwa sababu hicho ndicho kiwango ambacho mti hutulia ukikaa mahali penye unyevu wa hewa wa asilimia 65 hivi. Humu ndani unyevu wa hewa ni asilimia 20 na kitu. Hewa ya namna hiyo haiuachi mti mpaka imeuvuta hadi asilimia 4 au 5. Leo nyingi zinasoma 7, chache 6, na moja iliyokuwa katikati ya fungu bado iko 9. Hiyo 9 naitoa pembeni. Tena ujue, hivi vipima vya sindano chini ya 6 huanza kubahatisha, kwa hiyo kikikuonyesha 3 usijitape. Sema tu imekauka.

Nilimuuliza swali ambalo huwa nalisahau na kulijutia baadaye: "Nyumba utaipoza na kiyoyozi peke yake, au utaweka na kile kipoza hewa cha maji?" Akasema mzee anataka cha maji, ni nafuu wa umeme. Basi hesabu yote ikabadilika. Kipoza hewa cha maji kinapuliza unyevu ndani, na nyumba iliyokuwa kavu kama mkaa inaweza kupanda mpaka nusu kwa nusu. Mbao nilizozikausha kwa adabu siku tisa zitavimba tena msimu wa joto, kisha zinywee kikizimwa. Sihitaji kuzikausha zaidi. Zikifika 6 au 7 nazifunga hapo hapo, katikati ya njia, ziwe na pa kwenda huku na huku.

Saa 1 asubuhi

Chumba cha kulala kwanza. Mbao zake zilishafika 6 juzi, tukazipaka praima, ile rangi ya msingi, pande zote, mgongo na ncha pia. Mafundi wengi hupaka uso peke yake kwa sababu ndio unaoonekana. Ubao uliofungwa uso ukaachwa wazi mgongoni hukauka upande mmoja, halafu unapinda kama ganda. Praima haizuii mti kuvuta na kutoa unyevu, ila inaupunguzia haraka.

Ukuta naufuta kwa kitambaa chenye maji kidogo kabla ya kitu chochote. Huku kila ukuta umevaa vumbi laini usiloliona, na gundi ya ukutani inashika vumbi vizuri sana. Vumbi lenyewe sasa ndilo halijashika ukuta.

Saa 2 hadi saa 4 na nusu

Hapa ndipo kazi ilipo, na hapa nitachukua muda.

Kona za ndani za skatini wengi wanakata pembe 45 kwa 45 wanazigonganisha. Siku ya kwanza inapendeza. Shida ni kwamba mti haunywei sawasawa: kwa urefu ni kama hausogei, kwa upana unasogea. Ubao wangu wa milimita 140 ukishuka kutoka asilimia 12 hadi 6 unapoteza kama milimita 2 za upana, na urefu wake wa mita 4 unabaki pale pale. Unene nao unanywea kidogo, kwa hiyo pembe uliyokata 45 haiko tena 45.

Kwa hiyo kwenye kona za ndani nachonga ubao mmoja ufuate umbo la mwenzake. Ubao wa kwanza unakwenda moja kwa moja mpaka ugonge ukuta, umekatwa mraba tu, hauna maringo. Wa pili naukata 45 kwanza ili ule mkato unichoree nakshi ya ubao ukingoni. Napitisha penseli kwenye ukingo ule niuone vizuri, kisha nachukua kimsumeno cha upinde nafuata mstari, nimekilaza kidogo kuelekea mgongoni ili nyuma pabaki na uwazi na mbele pabaki ncha kali kama ukucha. Kwenye mviringo wa juu msumeno haufiki vizuri, namalizia kwa tupa ya duara. Tupa inatoa unga mkavu sana, unaruka kama moshi. Napachika, natazama mwanga unapopita, natoa, nakwangua mara mbili, napachika tena. Safari ya tatu inaingia na ule mlio wa "tk". Ubao ukinywea siku za mbele, utateremka ukiwa umelikumbatia umbo la mwenzake, na jicho halitapata mstari mweusi wa kulifuata.

Kijana aliniuliza mbona nahangaika na kona itakayokaa nyuma ya kabati. Nikamwambia hiyo ndiyo ya kwake kufanyia mazoezi, akaifanya. Ilimchukua dakika 40 na ikatoka na pengo la kuingiza kadi. Akaikata upya.

Kupigilia nako kuna mambo. Skatini inashikwa ukutani, haishikwi sakafuni. Na ubao mpana wa mti halisi usiuzibe kwa gundi mgongo mzima na misumari juu na chini. Ukitaka kunywea na umeushika mikono na miguu, utapasuka katikati. Mstari mmoja nakaza, mwingine nauachia nafasi. Karibu na ncha natoboa kwanza, kwa kuwa ubao mkavu namna hii unapasuka kama biskuti. Nikitumia msumari wa nyundo naugonga ncha kwanza uwe butu. Ncha kali hutenganisha nyuzi za mti, butu huziponda zikakaa.

Pale ambapo ukuta ni mrefu kuliko ubao, siungi mraba kwa mraba. Nakata mlalo, mmoja unapanda juu ya mwingine, gundi katikati, msumari unapita zote mbili. Ikija kufunguka, unachokiona nyuma ya mwanya ni mti, si giza.

Saa 4 na nusu

Mapumziko. Nakunywa maji na kuwaza nyumba yangu ya kwanza ya jangwani. Nilitoka pwani nikijua kazi, nikapokea mbao asubuhi na jioni zilikuwa ukutani. Mteja alinishika mkono kwa shukrani. Miezi mitatu baadaye akanipigia, akasema tu, "Njoo uone." Pembe za milango zote zilikuwa zimefunguka kwa ndani, upande wa fremu, zimebana kwa nje. Nilikuwa sijui hata kwamba pembe zinasomeka. Zikifunguka kwa ndani, mbao zimenywea, ulizifunga mbichi. Zikifunguka kwa nje, zimevimba, ulizifunga kavu kuliko nyumba. Siku hizi nikiingia nyumba ya mtu huwa natazama pembe za milango kabla sijasalimia vizuri, tabia mbaya lakini ndiyo hivyo.

Saa 5 hadi saa 7

Milango. Mbao za kuzunguka fremu nazitengenezea mezani, siyo ukutani: mbili za kusimama na moja ya juu zinaungwa kwa gundi na kipande cha kuchomekea ndani ya kiungo, zikishikana nazinyanyua zote tatu kwa pamoja na kuzipachika kama fremu ya picha. Kiungo kilichobanwa hivyo kikitaka kufunguka kinalazimika kugombana na gundi kwanza.

Na gundi nayo ina hasira za hapa. Kopo linakuahidi dakika 10 za kuchezea, humu napata kama 4. Ncha ya mti mkavu inainywa kama mchanga unavyokunywa maji. Naipaka mkono wa kwanza, naiacha ishibe dakika moja, napaka wa pili, nafunga. Usipofanya hivyo utafikiri umeunga, kumbe gundi yote imezama ndani na kati ya mbao mbili hakuna kitu.

Kutoka ukingo wa fremu naacha milimita 5, sawa kuzunguka pande zote. Hiyo inawasaidia pia wenye macho makali: mstari wa kivuli ukiwa sawa, hakuna anayegundua kama mlango umesogea nusu milimita.

Saa 7 mchana hadi saa 9

Nje hapakaliki. Tunahamia konisi za sebuleni, pale ukuta unapokutana na dari, na hapa mteja amechagua za povu gumu la plastiki. Wengi husema afadhali, plastiki haijui unyevu. Ni kweli, lakini inajua joto. Mti unaendeshwa na maji, povu linaendeshwa na jua. Kipande cha mita 2.4 kilichokatwa nje kwenye joto na kupandishwa ndani penye joto pungufu kwa nyuzi 20 kinajifupisha kama milimita 3. Mwaka juzi nilibandika sebule nzima ya vipande vya moto, nikaenda kulala, asubuhi kila kiungo kilikuwa kinacheka.

Leo zimelala ndani tangu jana, na meza ya kukatia imo ndani. Vumbi lake jeupe linanata mpaka kwenye nyusi, kijana anafanana na babu yake. Nakata kila kipande kirefu kwa milimita 1 kuliko kipimo, nakikunja kidogo katikati, naingiza ncha, nasukuma tumbo. Kinaingia kwa kubana. Dari ya jipsamu haikunyooka, sijawahi kukutana na iliyonyooka, kwa hiyo nafuata dari pale panapotazamwa kutoka mlangoni na kwingine nafuata akili.

Mama mwenye nyumba alipita akaniuliza kwa nini sikumshauri MDF, zile mbao za nyuzi zilizobanwa kwa gundi, nyumba nzima, kila mtu anatumia. Ni swali zuri. MDF haipindi wala kupasuka ovyo kama mti, inapakika rangi vizuri. Ila haina nyuzi zinazokwenda upande mmoja, kwa hiyo inasogea kwa urefu pia, jambo ambalo mti karibu haulifanyi. Kwenye korido fupi naipenda. Kwenye ukuta wa mita 9 viungo vyake vinanitia wasiwasi kuliko vya mti.

Saa 10 jioni

Kuziba. Kazi ndogo inayoharibu kazi kubwa. Naziba jioni jua likipungua, na ukuta wa magharibi nauacha kesho asubuhi, kwa sababu saa hizi unatoa joto kama tanuri na utomvu wa kuziba utakauka juu ukiwa laini ndani. Natumia aina inayovutika na kukubali rangi. Ile ngumu ya kuziba matundu ya misumari sipitishi kwenye kiungo chochote. Mstari mwembamba, kidole chenye maji, mara moja, basi. Kijana anapenda kupitisha mara nne, na kila mara anautoa kidogo mpaka hakuna kilichobaki.

Dirisha kubwa la upande wa jua nililizibia nusu tu. Skatini inayolitazama itapigwa na jua kila siku na rangi aliyochagua mteja ni ya giza. Nilimwomba afikirie rangi nyeupe. Amesema atafikiria, kwa sauti ambayo najua maana yake.

Saa 11 na robo jioni

Tumefagia, tumekunja turubai. Ubao ule wa asilimia 9 nimeurudisha juu ya vipande vyake, peke yake. Kabla ya kutoka nikaingia chumba cha kulala, nyuma ya mlango, nikachora kwa penseli mstari mwembamba ukutani sawasawa na kichwa cha skatini, nikaandika na tarehe. Kijana akaniuliza ni ya nini. Nikamwambia tutarudi mwezi wa tatu kipoza hewa kikiwa kimezimwa, tupime umeshuka kiasi gani. Akachukua penseli akachora na wake kwenye kona ile ya nyuma ya kabati.