Reli ya alfabeti: wiki ya nne

Jumamosi nzima imeishia kwenye karatasi moja. Ni ile ramani ya zamani ya Saskatchewan, Kanada, ya inchi moja kwa maili tatu (1:190,080). Nataka kuilaza juu ya picha ya setilaiti ndani ya QGIS, programu ya kuchora ramani kwenye kompyuta, halafu nichore reli na stesheni zake moja baada ya nyingine.

Nilidhani ni kazi ya mteremko. Nyika zile zilianza kupimwa kwa miraba mwaka 1871: taunishipu moja ni maili sita kwa sita, vipande 36, kila kipande ekari 640. Mlowezi alichukua robo, yaani ekari 160, kwa ada ya dola 10. Kona zimejaa kila mahali. Unapigilia pointi zako, yaani unaunganisha kona ya kwenye karatasi na kona ileile kwenye setilaiti, unakwenda kunywa chai.

Nikapigilia nane. Stesheni ya Watrous ikakaa, ya Young ikakaa, ila kusini mwa Watrous barabara zikakatika na kuruka pembeni. Nikafuta, nikaanza upya, zikaruka tena palepale. Nikalaumu skani, nikalaumu mikunjo ya karatasi, nikabadilisha projeksheni (namna ya kuilaza dunia ya mviringo kwenye karatasi bapa) mara tatu.

Saa nne usiku nikaizima ramani, nikabaki na setilaiti tupu. Kumbe barabara zenyewe zinaruka! Kadiri unavyopanda kaskazini, mistari ya longitudo inabanana, lakini miraba ya wapimaji ilitakiwa ibaki na upana uleule. Kwa hiyo kila baada ya taunishipu nne waliweka mstari wa marekebisho, na kosa lote lililolimbikizwa likamwagwa hapo. Dereva wa leo akifika anakata kona, anasogea kidogo, anakata tena. Nusu ya pointi zangu zilikuwa ng'ambo ya pili ya mstari huo.

Reli haina habari na miraba, inakwenda mshazari kuelekea Saskatoon. Kampuni ya reli ya Grand Trunk Pacific ilizipa stesheni majina kwa mfuatano wa herufi: Watrous, Xena, Young, Zelma, kisha inarudi mwanzo: Allan, Bradwell, Clavet. Zimekaribiana kwa sababu mkulima alipeleka ngano kwa mkokoteni wa farasi na alipaswa kurudi nyumbani siku hiyohiyo. Xena nimeitafuta kwenye setilaiti mpaka macho yakauma.

Wiki ijayo navuka longitudo ya digrii 106 magharibi, ambako safu za taunishipu zinaanza kuhesabiwa upya kutoka moja.