Kindi wetu arukaye si kindi

Tangu juzi akili yangu iko kwenye mikono ya wanyama. Nina michoro miwili mezani: wa kindi arukaye wa Asia, na wa yule wa misitu ya Kongo, Uganda na sehemu za Tanzania. Wote wana ngozi iliyounganisha mkono na mguu, na usiku huteleza hewani kutoka mti hadi mti. Ukiwaona gizani utasema ni baba mmoja.

Lakini ngozi hiyo haitanuki bila kijiti cha gegedu cha kuitegemeza. Kwa kindi warukao wa Asia, Ulaya na Marekani, kijiti hicho huanzia kwenye kifundo cha mkono. Kwa huyu wetu huanzia kwenye kiwiko. Hapo undugu unavunjika: ni koo mbili tofauti zilizojifunza kuruka, kila moja kwa njia yake. Isitoshe, wetu ana magamba chini ya shina la mkia, yanayomsaidia kushika gome.

Vinasaba havikuwapinga wataalamu waliopasua na kulinganisha miili hiyo. Kindi warukao wa kweli vimewaweka jirani na kindi wa mitini. Huyu wetu, jamaa yake wa karibu zaidi aliye hai nje ya kundi la wenye magamba mkiani ni nani? Kamendegere! Yule mchimba mashimo wa nyanda kavu, arukaye kama kangaruu. Nisingekisia kamwe.

Kuna mahali macho yalishindwa kabisa, nakiri. Kindi warukao wa pwani ya Pasifiki ya Amerika Kaskazini walihesabiwa spishi moja na wenzao wa kaskazini hadi 2017, vinasaba vilipoonyesha kwamba hawachanganyi damu hata wanapoishi msitu mmoja. Sasa wana jina lao, Glaucomys oregonensis.

Hata hivyo mimi bado namng'ang'ania Zenkerella, mnyama wa Afrika ya Kati asiyeonekana kwa urahisi. Ana magamba yaleyale mkiani, ila hana ngozi ya kuruka. Je, aliipoteza? Mwaka 2016 watafiti walichapisha uchunguzi wa DNA ya mizoga ya kisiwa cha Bioko, wakakuta ukoo wake ulijitenga na warukao zamani mno, kiasi cha kupewa familia yake peke yake. Kwa hiyo naona magamba ndiyo yaliyotangulia, na wazee wa hawa warukao walikwea miti kwa mkia muda mrefu kabla ya kuthubutu kujiachia.