Siku nzima na injini ya Beetle 1600: kabureta huguswa mwisho

Saa moja na nusu asubuhi. Injini bado ni baridi, na ndivyo inavyotakiwa. Volkswagen Beetle ya sisi 1600 iliyopanda kutoka Mombasa imelala hapa gereji Nairobi usiku kucha. Inakunywa mafuta, inatoa moshi mweusi, na ukikanyaga ghafla inazubaa kwanza ndipo iondoke. Kila anayeitazama anasema ni kabureta. Kabureta itasubiri mpaka mchana, maana huwezi kupanga mchanganyiko wa hewa na petroli kwenye injini ambayo cheche yake inachelewa au valvu zake hazifungi.

Kwa hiyo tunaanza na valvu. Nati ya dainamo inazungushwa kwa spana namba 21 mpaka alama ya puli ilingane na mshono wa krenkikesi (ganda la injini), rota ikielekea kwenye alama ndogo iliyo ukingoni mwa distribyuta, kifaa kinachogawia silinda cheche. Hapo pistoni ya silinda ya 1 iko juu. Nafasi kati ya valvu na skrubu yake ni milimita 0.15, ya kuingiza na ya ekzosi sawasawa. Kisha puli inarudishwa kinyumenyume nusu mzunguko kwa silinda ya 2, nusu tena kwa ya 3, na nusu tena kwa ya 4. Valvu iliyobana ni mbaya kuliko inayogongagonga: haikai vizuri kwenye kiti chake, inakosa pa kupeleka joto, inaungua. Ukikuta ile ya ekzosi ya silinda ya 3 imebana kila unapoipima, usiendelee kulegeza skrubu. Fungua silinda hedi uikague kabla kichwa cha valvu hakijakatika na kutoboa pistoni.

Saa tatu. Plagi zote nne zimetoka nyeusi, kavu, zenye masizi: petroli imezidi. Zingekuwa na unyevu wa oili, tungefikiria ringi za pistoni. Zinasafishwa na nafasi yake inawekwa milimita 0.7. Pointi, swichi ndogo ya cheche ndani ya distribyuta, zimeliwa upande mmoja na upande wa pili zimeota kichuguu, kwa hiyo zinabadilishwa pamoja na kondensa. Nafasi ni milimita 0.4, ikipimwa wakati kisigino cha pointi kiko kwenye kilele cha kemu, mbenuko unaozifungua. Paka grisi kidogo sana hapo. Kisigino kikisagika nafasi inapungua, na pointi zikichelewa kufunguka, cheche nayo inachelewa. Hiyo ndiyo sababu ya kuweka pointi kabla ya taimingi (wakati wa cheche kutoka), kamwe si baada.

Saa nne. Taimingi. Balbu ndogo inaunganishwa kati ya terminali ya koili inayokwenda kwenye distribyuta na bodi ya gari, swichi ya gari ikiwa imewashwa. Distribyuta inazungushwa kufuata saa mpaka balbu izime, kisha inarudishwa polepole; pale tu inapowaka ndipo pointi zinafunguka. Tunaweka digrii 7.5 kabla ya pistoni kufika juu, kiasi cha kuwashia injini tu.

Kipimo chenye uzito ni kile cha injini ikizunguka. Puli hii haina digrii, basi zungusha uzi kwenye ukingo wake, pima urefu, gawanya kwa 12: hizo ni digrii 30. Weka alama ya chaki umbali huo kulia kwa alama ya juu. Taa ya taimingi ikimulika kwenye mizunguko 3,500 kwa dakika, chaki ikae kwenye mshono. Hewa ya Nairobi ni nyepesi na injini inavumilia mpaka 32. Mombasa, kwenye joto na usawa wa bahari, tungebaki 28 hadi 30. Kupitisha hapo ni kujitafutia pistoni iliyotoboka, kwa sababu kelele ya feni hufunika mgongano ndani ya silinda.

Gari hili limefungwa distribyuta isiyo na vakyumu, yaani isiyovutwa na mvuto wa hewa wa injini. Haiongezi taimingi unapokanyaga mafuta kidogo, na sehemu ya kule kuzubaa inatoka humo. Ile ya vakyumu, ikiwa nzima, ni bora kwa gari la kutembelea mjini.

Saa sita. Tunatafuta hewa inayoingia pasipostahili, kwenye viungo vya mpira vya manifoldi (bomba la kuingiza hewa na petroli) na kwenye ekseli ya throtli, kilango kinachofunguka ukikanyaga mafuta. Pia bomba la shaba linaloingiza petroli kwenye kabureta linavutwa kwa mkono. Likilegea huchomoka, na Beetle nyingi zimeteketea kwa njia hiyo. Mpira wa petroli uliopasuka haufungwi kwa tepu, unabadilishwa.

Saa nane. Baada ya chakula injini inapashwa moto tena, na choki iko wazi kabisa. Kabureta ni Solex 34 PICT-3. Kwa urefu wa karibu mita 1,700, kanieneo ya hewa ni pungufu kwa takriban asilimia 18 kuliko Pwani, na jeti kuu (kitundu kinachopimia petroli) ya 127.5 inamwaga petroli kupita kiasi. Tunaweka 122.5. Skrubu ya throtli iguse tu kemu ya choki, kisha ikazwe robo mzunguko. Skrubu ndogo ya mchanganyiko inafungwa taratibu mpaka mwisho, halafu inafunguliwa mizunguko miwili na nusu. Kasi ya sailensi, injini ikizunguka bila kukanyagwa mafuta, inapangwa kwa skrubu kubwa ya hewa: mizunguko 850. Kisha skrubu ndogo itafute pale injini inapozunguka haraka zaidi, na ifungwe kidogo mpaka ishuke mizunguko 20 hadi 30.

Skrubu ndogo isipobadilisha chochote, throtli imefunguliwa mno, au jeti ya sailensi imeziba, au valvu yake ya umeme haipati umeme: chomoa waya na kuurudisha, usikilize kama inabofya. Pampu ya kuongezea mafuta nayo itazamwe injini ikiwa imezimwa. Irushe petroli moja kwa moja kwenye upenyo wa throtli, isilowanishe ukuta.

Saa kumi. Waiyaki Way, kupanda kuelekea Limuru, gia ya tatu. Inaondoka bila kuzubaa. Tunasimama pembeni mahali salama na kutoa plagi moja: kahawia hafifu.

Saa kumi na moja. Taimingi inapimwa tena, kwani kibanio cha distribyuta huweza kuteleza njiani. Nati inakazwa. Jeti ya zamani inafungwa kwenye karatasi na kukabidhiwa mwenyewe, irudishwe kabla gari halijashuka Pwani, kwa sababu huko 122.5 itaipa injini petroli kidogo na kuichemsha.