Mjomba Alipokataa Kushuka

Mjomba hakuwa mjomba wangu. Seksheni nzima, kikosi chetu kidogo cha askari, ilimwita hivyo kwa kuwa alituzidi sote umri, na kwa kuwa alikuwa mtu wa Kwale kati ya vijana wengi wa bara. Cheo chake kilikuwa praiveti, cha chini kabisa jeshini. Alikuwa ameingia Somalia miaka ya mwanzo, baada ya majeshi ya Kenya kuvuka mpaka Oktoba 2011, na alikuwa upande wa Kismayu mji ule ulipotekwa mwaka uliofuata. Wakati huo mimi nilikuwa Malindi nabeba mizigo stendi na kusubiri tangazo la kuajiri makuruta. Kufikia mwaka 2017 nilikuwa koplo mwenye tepe mbili mkononi, yeye hana hata moja, na mimi ndiye niliyekuwa nikimpa amri.

Kambi yetu ilikuwa Lamu ya bara, ukitoka Hindi kuelekea Bargoni. Mtu akitaja Lamu, wengi hukumbuka mji wa kale, punda, majahazi na Maulidi. Ukivuka kuja bara, upande wa Mokowe, mambo yalikuwa mengine. Mpeketoni ilikuwa imeshashambuliwa Juni 2014 na kuuawa zaidi ya watu 60, na tangu Septemba 2015 Operesheni Linda Boni, ya kuwasaka al-Shabaab, ilikuwa ikiendelea katika msitu wa Boni unaofika hadi mpaka wa Somalia. Mwaka huo wa 2017 kilichotutia hofu zaidi ni vilipuzi vya kutegwa barabarani. Polisi walikuwa wamekufa ndani ya magari yao, na raia pia.

Kazi ya seksheni yangu ilikuwa kusafisha njia kabla msafara haujapita. Si kazi ya kufagia kwa macho ukiwa juu ya lori. Ukifika mahali penye shaka, gari linasimama mbali, watu wanashuka, wengine wanaingia porini kulia na kushoto, wengine wanabaki na barabara. Walio porini ndio wenye kazi kubwa, maana kilipuzi kinaweza kuwa na waya unaokwenda kwa mtu aliyejificha, na waya huo huwezi kuuona ukiwa katikati ya barabara. Unatafuta udongo uliochimbuliwa, majani yaliyokauka mahali ambapo mengine ni mabichi, nyayo zinazoishia ghafla. Wakati wa masika yote hayo yanakuwa magumu. Mvua inasawazisha udongo uliochimbwa usiku, na kila shimo linajaa maji ya matope ambayo huoni chini yake kuna nini. Makalavati, yale madaraja madogo ya kupitisha maji chini ya barabara, ndiyo yalikuwa hatari kubwa, kwa sababu chini yake panaingia mzigo mkubwa kuliko ule unaofukiwa kwa haraka kwenye shimo la barabara.

Sasa kuhusu mimi na Mjomba. Nililelewa Mambrui, na kwetu mtoto akipita mbele ya mtu mzima bila kumwamkia, hata mama yake mwenyewe atamrudisha. Tangu siku nilipokabidhiwa seksheni ile niliamua kwamba nje ya kazi, chai inaponywewa, nitamwamkia Mjomba kama ninavyomwamkia mtu wa rika lake yeyote. Nilisema shikamoo, akaitika marahaba. Wenzangu wenye tepe walinionya kwamba namlea vibaya. Sikukubaliana nao, na mpaka leo sikubaliani. Tepe inanipa haki ya kumwamuru. Hainiongezei umri.

Asubuhi ile tulitoka kabla jua halijapanda. Usiku kucha kulikuwa kumenyesha, na nyuma yetu msafara wa maji na chakula ulikuwa unangoja njia. Tulipokaribia kalavati moja tulilolijua vizuri nikamwambia dereva asimame, nikatoa amri ya kushuka na kujipanga. Watu wakaruka chini kwenye tope. Mjomba, ambaye nafasi yake ilikuwa porini upande wa kushoto, hakusogea.

Nilidhani hakusikia. Nikarudia.

"Koplo," akasema, kwa sauti ya kusikiwa na wote, "kalavati hili tulilipita jana. Nimeanza kubeba bunduki wewe ukivaa kaptula ya shule. Kila siku ni sisi tu. Leo sishuki."

Vijana waliokuwa chini wakainua nyuso, wakaniangalia mimi badala ya kuangalia pori. Hilo ndilo lililonitia wasiwasi kuliko maneno yenyewe. Lori limesimama, watu wako wazi barabarani, na macho yote yamegeukia ndani. Mtu aliyelala kichakani na waya mkononi angetaka nini zaidi ya hapo?

Nikawaamuru kwanza wageukie nje, kila mtu na upande wake. Kisha nikazunguka nyuma ya lori mpaka mahali alipokaa, nikamwita kwa cheo chake na jina lake la ukoo. Jina la Mjomba lilikuwa la kwenye chai. Nikamwambia kwa sauti ya chini, neno kwa neno, nini namtaka afanye na upande gani. Nikamuuliza swali moja: "Huwezi, au hutaki?" Kama angesema hawezi, kwamba ni mgonjwa, au kwamba miguu imekataa kwa hofu, hilo lingekuwa jambo lingine kabisa na ningelishughulikia kwa njia nyingine. Mtu aliyekaa vitani miaka mingi anaweza kufika mahali mwili wake ukagoma, na huyo hafai kushtakiwa.

Alinitazama usoni. "Sitaki."

Nikamwambia amekataa amri halali na lans koplo, anayenifuata kwa cheo, ni shahidi. Abaki na dereva, alinde upande wake wa lori, mengine tutayazungumza kambini. Sikumvuta, sikumfokea. Kumshurutisha mtu mwenye hasira aingie porini kutafuta waya ni kuwahatarisha walio nyuma yake, kwa sababu atapita juu ya kitu bila kukiona. Nafasi yake nikampa lans koplo.

Nakiri nilivutwa sana na wazo la kwenda mimi mwenyewe kwenye lile kalavati, wote waone. Kijana mwenye tepe mpya hupenda mambo hayo. Lakini kiongozi wa seksheni akiinama kuchungulia chini ya kalavati, nani anawaona walio kulia na walio kushoto? Nilibaki mahali pangu, katikati, nikiwaona wote.

Hatukupata kitu. Chini ya kalavati mlikuwa na maji yanayopita kwa kasi na matawi yaliyokwama. Tuliporudi kwenye lori kijana mmoja akatabasamu na kumwambia Mjomba, "Si ulisema!" Nikamwamuru anyamaze, na nikawaambia wote papo hapo kile ninachokiamini: kalavati kuwa tupu hakumsafishi aliyekataa kushuka. Tulishuka si kwa sababu tulijua kuna kilipuzi. Tulishuka kwa sababu hatukujua. Aliyepita jana salama anajua habari za jana.

Kambini nikaacha kwanza watu wasafishe silaha na wale. Halafu nikamwita Mjomba kando, lans koplo akiwa mbali kidogo, anatuona. Nikamwambia sitabishana naye tena juu ya asubuhi, nitaandika taarifa kwa luteni, na nitaandika maneno yake kama alivyoyasema. Ila nikamuuliza alichomaanisha aliposema kila siku ni sisi tu.

Hapo akafunguka. Alikuwa akihesabu. Kwa hesabu yake, seksheni yetu ilikuwa imepangiwa kusafisha njia mara nyingi kuliko seksheni nyingine za platuni, na vijana walikuwa wakinung'unika usiku lakini hakuna aliyethubutu kusema. Nikatazama daftari langu. Alisema kweli.

Nikamwambia, "Mjomba, hili ungeniletea jana jioni ningelibeba. Nitalibeba hata sasa. Lakini halitalifuta lile lingine."

Akajibu, "Nilijua utasema hivyo," akaondoka.

Sajini wa platuni alikuwa ameshasikia. Ni mtu niliyemheshimu, na shauri lake lilitoka moyoni. Alitaka tuyamalize kinyumbani: Mjomba aruke kichura mpaka jasho limtoke, achimbe handaki usiku, basi, faili lake libaki safi, kwani amebakiza muda mfupi astaafu. "Karatasi itamfuata mpaka kwenye kiinua mgongo," aliniambia. Wengi wangeona hiyo ndiyo huruma.

Nilikataa. Koplo hana mamlaka ya kuadhibu kwa kosa kama lile. Chini ya Sheria ya Majeshi ya Ulinzi ya Kenya ya mwaka 2012, kukataa amri halali ni kosa, na lina watu wake wa kulisikiliza: kamanda, na likiwa zito zaidi, mahakama ya kijeshi. Mbele ya kamanda mshtakiwa anasomewa kosa, anajitetea, anaita shahidi. Mbele ya handaki la usiku hana utetezi wowote. Na mtu wa umri ule kuruka kichura mbele ya vijana anaowazidi umri wote? Hilo lingemvunja kuliko karatasi yoyote, na vijana wangejifunza kwamba adhabu hutegemea hasira ya mwenye tepe.

Basi nikaandika. Niliweka saa, mahali, amri niliyoitoa, maneno yake na ya kwangu, jina la shahidi. Sikuandika "kwa jeuri" wala "kwa dharau", maana hayo ni mawazo yangu, na shahidi huulizwa alichokiona na kukisikia. Nikaandika pia kwamba alipoachwa na dereva alilinda upande wake bila kuondoka, kwa sababu nalo lilikuwa kweli.

Jioni nilimpelekea luteni taarifa ile. Alipomaliza kuisoma na kuipokea, ndipo nikamwomba ruhusa ya kuleta jambo la pili, nikafungua daftari la zamu. Nilitenganisha mambo hayo makusudi. Kama ningetaja zamu kwanza, ingeonekana namtafutia Mjomba kisingizio, au nafanya biashara: nyinyi mtupunguzie njia, sisi tufute kosa. Luteni alikuwa kijana kama mimi. Alihesabu kwa kidole, akanyamaza, kisha akamwita sajini. Kuanzia wiki iliyofuata zamu zikazunguka kwa usawa.

Mjomba alifikishwa mbele ya kamanda. Nilitoa ushahidi yeye akiwa amesimama mkakamavu pembeni yangu, naye hakukana neno hata moja. Kamanda aliponiuliza kama nina la kuongeza, nilisema askari huyu anaijua kazi ya njia kuliko mimi, na kwamba ninamtaka arudi kwenye seksheni yangu. Alipewa karipio kali na kukatwa sehemu ya mshahara, akarudi.

Vijana walisubiri kuona nitamfanyaje. Nilimpanga palepale, porini upande wa kushoto, na tulipofika kalavati lilelile nikatoa amri kwa maneno yaleyale. Alishuka pamoja na wenzake. Kwenye chai nilimwamkia kama zamani. Siku za kwanza aliitika kwa kichwa tu, nami sikumdai zaidi.

Baadaye walikuja askari wapya, moja kwa moja kutoka mafunzoni, wanaotembea porini kama wanakwenda sokoni. Nilimwomba luteni Mjomba ndiye awafundishe kupekua kando ya njia, na akakubali. Kijana mmoja alimuuliza kwa nini washuke mahali walipopita jana. Nilikuwa karibu, nikamwacha Mjomba amjibu.

"Kwa sababu koplo amesema," alimwambia. "Ukiwa na neno, mletee jioni. Analisikiliza."